Namba za Kibengali na Kiassam: anza na zile mbili zinazodanganya

Nianze na aibu yangu kisha tuingie kazini. Mwaka wangu wa kwanza Muscat nilikuwa nachukua vitu kwa mkopo kwenye duka moja la Mbangladeshi karibu na nilipopanga, mchele, dengu, sabuni, vocha, na jamaa anaandika kwenye kidaftari chake kwa mwandiko wa kwao. Mwisho wa mwezi naenda kulipa, nachungulia daftari naona ৪.৭০০, kichwani nikasoma riali 8 na baisa 900 (baisa elfu moja ni riali moja ya Oman), nikanuna kabisa maana nilijua sijala vitu vya hela hiyo, lakini nikaona aibu kubishana nikatoa noti ya kumi nikisubiri chenji ya moja na mia. Jamaa akanirudishia tano na mia tatu. Nikamwambia kaka umejipunja, akacheka, akagonga daftari kwa kalamu, “char bhai, char!” huku kaninyooshea vidole vinne.

Ilikuwa riali 4 na baisa 700. Yaani kile nilichokiona kama nane ni nne, na kile nilichokiona kama tisa ni saba. Toka siku hiyo nikajifunza, na huu mwongozo ndo njia niliyopita, nimetoa yale mazunguko tu.

Kwanza ujue ni za nani. Hizi namba zinatumika kwa Kibengali, yaani Bangladesh nzima pamoja na India upande wa West Bengal (Kolkata na kwingineko) na Tripura, na pia kwa Kiassam, lugha ya jimbo la Assam huko bonde la mto Brahmaputra. Lugha ni mbili tofauti ila maumbo ya namba ni yale yale, hakuna tofauti hata ya mkia. Na ukoo wake ndo ule ule wa hizi 1 2 3 tunazoandika kila siku, zote zilitoka kwenye maandishi ya kale ya India yanaitwa Brahmi, tawi moja likabaki mashariki likawa hizi, tawi jingine likapita kwa Waarabu likafika Ulaya. Ndo maana Waarabu wenyewe zile zao wanaziita namba za Kihindi. Kwa hiyo unakutana na ndugu wa mbali, wana sura ya familia, ila ndugu wanaofanana ndo wanaokuchanganya majina.

Hatua ya 1: Wakamate waongo wawili

Watu wengi wanaanza sifuri mpaka tisa kwa mpangilio kama darasa la kwanza. Usifanye hivyo. Anza na hizi mbili peke yake mpaka zikae:

৪ ni NNE. Inafanana na 8 yetu kama pacha.
৭ ni SABA. Inafanana na 9 yetu.

Ziandike kwenye karatasi bandika karibu na kioo, au ziweke kwenye skrini ya simu. Kila makosa ya pesa niliyowahi kuyaona kwa wageni yanatoka hapa, kwa sababu namba usiyoijua unauliza, lakini namba unayodhani unaijua huulizi, unalipa. Mtu akiona ৬ anasimama anakuna kichwa, akiona ৪৭ anasoma themanini na tisa bila wasiwasi wowote na maisha yanaendelea.

Kaa na hizi siku nzima. ৪, ৭, ৪৭, ৭৪, ৪৪, ৭৭. Ukiona ৪৭ ukasema arobaini na saba bila kufikiri, songa.

Hatua ya 2: Chukua za bure

Mbili hazihitaji kazi. ০ ni sifuri, mviringo tu. ২ ni mbili, inafanana na 2 yetu ila mkia wake una madaha kidogo. Ongeza ১ ambayo ni moja, ukiitazama ni kama 6 inayojiangalia kwenye kioo. Sasa tayari unazo tano: ০ ১ ২ ৪ ৭, unaweza kusoma ১২০, ২৪০, ৭০, ৪২১, na bei nyingi za vitu vidogo vidogo.

Hapa nisimame kwa ajili ya waliopita madrasa na waliokaa Ghuba, maana sisi tuna mtego wetu peke yetu ambao Mzungu hana. Umezoea namba za msahafu na za Kiarabu mtaani: ٥ ni tano. Kiduara. Sasa kwa Kibengali kiduara ০ ni sifuri. Na sifuri ya Kiarabu ni nukta. Muscat unaweza kuona vibao viwili vimeachana hatua tatu, kimoja cha Kiarabu kingine cha Kibengali, duara lile lile, huku ni tano kule ni sifuri. Na tisa ya Kiarabu ٩ kweli inafanana na 9, kwa hiyo macho yanazoea kuamini kwamba kila chenye kichwa cha duara na mkia ni tisa, halafu inakuja ৭. Dawa ni moja: kabla hujasoma namba, tazama kwanza maandishi ya pembeni ni ya nani. Yakiwa yananing'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba, hiyo ni Kibengali au Kiassam (au Kihindi, ila Kihindi kina namba zake nyingine).

Hatua ya 3: Tano zilizobaki, kwa mkono siyo kwa macho

Zimebaki ৩ ৫ ৬ ৮ ৯. Nimejaribu mara kadhaa kumuelezea mtu kwa maneno zinafanana na nini, ni kupoteza muda, kila mtu anaona kitu chake. Kuza maandishi kwenye simu, chukua kalamu, fuatisha kila moja mistari miwili mitatu kwenye daftari la mraba. Mkono ukishajua, jicho linafuata.

Vidokezo vichache tu: ৮ ni nane na haina duara hata moja, ni kama ndoano iliyoachwa wazi, kwa hiyo ukiona kitu chenye maduara mawili juu na chini ujue siyo nane, ni yule muongo wetu nne. ৫ na ৬ ndo zinagombana kwenye mwandiko wa mkono, hasa wa muuza duka mwenye haraka, hapo uliza tu haina aibu. ১ na ৯ nazo ziwekwe pamoja kwenye mazoezi, ziandike kwa kupokezana, ১৯ ৯১ ১৯ ৯১, utaona tofauti inajitokeza yenyewe.

Orodha nzima hii hapa, umbo, thamani, jina la Kibengali, kisha la Kiassam. Matamshi nimeandika kwa sikio la Kiswahili:

০ – 0 – shunno – khuinno
১ – 1 – ek – ek
২ – 2 – dui – dui
৩ – 3 – tin – tini
৪ – 4 – char – sari
৫ – 5 – pach (sauti inapita puani) – pas (nayo puani)
৬ – 6 – chhoy – soy
৭ – 7 – shat – khat
৮ – 8 – at – ath
৯ – 9 – noy – no

Na kumi, ১০, ni dosh kwa Kibengali na doh kwa Kiassam.

Umeona kinachotokea? Mbengali akisema ch, Muassam anasema s. Mbengali akisema sh, Muassam mara nyingi anatoa kh, ile ile ya “kheri” na “khofu” kwa watu wa pwani wanaoitamka sawasawa. Kwa Mzungu hii sauti ni mateso, kwetu ni bure kabisa. Kwa hiyo ukishajua za Kibengali, za Kiassam unazibahatisha nusu yake.

Hatua ya 4: Kutofautisha namba na herufi

Ukutani au kwenye risiti namba na herufi zimejaa pamoja na mgeni hajui ipi ni ipi. Ujanja: herufi nyingi zina mstari juu, wenyewe wanauita matra, ndo ile kamba ya nguo niliyosema. Namba hazina. Kwa hiyo kwenye sentensi tafuta visivyoning'inia, hapo ndo penye namba.

Siyo asilimia mia, kuna herufi chache nazo hazina mstari, mojawapo ni ও ambayo inafanana sana na ৩, usipokuwa makini unaweza kusoma neno ukadhani ni tatu. (ও peke yake ni “na”, kiunganishi, kwa hiyo inatokea kila mahali.) Na kuna kimstari cha wima । kinachokaa mwisho wa sentensi. Hicho ni nukta yao. Siyo moja. Nilikaa wiki nzima nikidhani kila sentensi ya gazeti inaishia na namba moja, nikawaza labda ni namba za aya kama kwenye msahafu.

Na unajuaje ni Kibengali au Kiassam? Kwa namba huwezi kujua. Tafuta herufi ya “r”: Kibengali ni র yenye nukta chini, Kiassam ni ৰ yenye kimstari tumboni. Kiassam pia kina ৱ ambayo Kibengali cha leo hakitumii. Tazama tu neno lao la kusema “nne” linatosha, চার ni Kibengali, চাৰি ni Kiassam.

Hatua ya 5: Majina ya kumi na kupanda, na hapa ndo kwenye mlima

Kusoma namba umeshamaliza, kwa kweli ukitaka kusoma tu unaweza kuruka hii. Ila kama unataka kusikia bei dukani, kaa vizuri.

Kiswahili kimekulea kwa upole: ishirini na moja, ishirini na mbili, thelathini na tatu, unajenga mwenyewe kama matofali. Kibengali hapana. Kuanzia moja mpaka tisini na tisa karibu kila namba ina jina lake. Kumi na moja egaro, kumi na mbili baro, tero, choddo, ponero, sholo, shotero, atharo. Ishirini ni bish, lakini ishirini na moja ni ekush, mbili baish, tatu teish, nne chobbish, tano pochish. Unasikia harufu ya ek na dui ndani yake lakini huwezi kujenga mwenyewe. Watoto wanazikariri kwa kuimba, na wewe fanya hivyo hivyo, kumi kwa wiki usiwe na pupa.

Makumi: bish 20, trish 30, chollish 40, ponchash 50, shat 60, shottor 70, ashi 80, nobboi 90, eksho 100. Kwa Kiassam mia ni eksho iliyokatwa, wanasema ekho (এশ).

Sasa angalia kitu kizuri. Kumi na tisa ni unish. Ishirini na tisa ni unotrish. Thelathini na tisa unochollish. Arobaini na tisa unoponchash. Ile “un/uno” ya mbele maana yake ni pungufu moja, yaani “thelathini kasoro moja”, “arobaini kasoro moja”. Mswahili anayesema saa kasorobo hawezi kushangaa hapo. Inakwenda hivyo mpaka 89, unonobboi, halafu 99 inavunja utaratibu inakuwa niranobboi, kwa sababu lugha ni lugha.

Na mtego: saba ni shat, sitini pia ni shat. Kwa maandishi ni সাত na ষাট, tofauti ni t, ya saba ulimi unagusa meno, ya sitini ulimi unakunjwa nyuma. Watu wa Mombasa wenye Kimvita chao mnatenganisha t mbili tangu utotoni, kwa hiyo mtasikia haraka kuliko mimi niliyekulia bara, mimi mpaka leo naomba nionyeshwe kwenye kikokotoo.

Kitu kingine, hawasemi namba peke yake, wanabandika mkia. Kitu kimoja ekta, vitatu tinta, vinne charta, lakini watu ni tinjon, charjon. Sisi tunabadilisha kichwa cha namba kufuata ngeli, wao wanabandika mkia kufuata kinachohesabiwa, na ukiuliza bei ni “koto?”, kwa Assam “kiman?”

Hatua ya 6: Laki, koma, na koti lisilovaliwa

Hii Mtanzania anaipata kabla hata ya kufundishwa. Laki unayoitumia kila siku kwenye mishahara na kodi ya nyumba ndo neno hilo hilo, lilivuka bahari na wafanyabiashara kutoka India, na kwao bado linafanya kazi ile ile: lakh, elfu mia moja. Ila wao wanakwenda mbele zaidi, na koma zao zinakaa pabaya kwa macho yetu.

Elfu: ১,০০০ (hajar)
Laki: ১,০০,০০০ (lakh)
Laki mia: ১,০০,০০,০০০ (koti)

Yaani koma ya kwanza kutoka kulia inakaa baada ya tarakimu tatu, baada ya hapo ni kila mbili mbili. Ukiona ১,২৫,০০০ usishtuke ukadhani mtu kakosea kuchapa, isome kama unavyoongea sokoni Kariakoo, laki moja na ishirini na tano. Koti moja ni milioni kumi zetu. Kwa hiyo ৩,৫০,০০,০০০ ni koti tatu na laki hamsini, milioni 35. Ukisoma habari za Bangladesh za bajeti au idadi ya watu utakuta koti kila mstari, zidisha kwa kumi upate milioni, basi.

Alama ya taka, yaani pesa ya Bangladesh, ni ৳ na inakaa mbele ya namba. Na bei wanaifunga kwa /- mwishoni, ৳ ৪৫০/-, kama mama ntilie anavyoandika 2,500/- kwenye ubao. Pesa pia tunashiriki, maana hilo neno letu lenyewe limetoka kwenye paisa yao, na babu zetu waliwahi kulipwa kwa rupia.

Zamani rupia iligawanywa kwa ana 16, na Kibengali kilikuwa na alama maalum za kuandika visehemu hivyo vya ana, zipo mpaka leo kwenye mfumo wa kompyuta ingawa mtaani hazina kazi. Zimebaki kwenye msemo: kitu kamili bila upungufu wanasema sholo ana, ana kumi na sita. Tofauti ndogo isiyo na maana ni unish-bish, kumi na tisa na ishirini. Na kuvuruga mambo au kutafuna hela za watu ni noy-chhoy, tisa-sita. Hii ya mwisho utaisikia sana kwenye siasa.

Hatua ya 7: Nusu, robo na saa

Moja na nusu ina jina lake, der. Mbili na nusu nayo, arai. Kuanzia tatu na kupanda unaweka share mbele: share tin ni tatu na nusu, share char nne na nusu. Inafanya kazi mpaka kwenye pesa, dersho ni 150, arai hajar ni 2,500. Muuza duka akikwambia “dersho” usitafute mia moja na hamsini kwenye orodha uliyokariri, haipo, ndo hiyo.

Robo zaidi ni shoya, robo pungufu ni poune. Poune ndo kasorobo yetu kabisa kabisa.

Lakini saa zao ni za kizungu, hazianzi asubuhi kama zetu. Share doshta ni 10:30, kwetu saa nne na nusu. Poune pachta ni 4:45, kwetu saa kumi na moja kasorobo. Nilimwambia rafiki mmoja wa Sylhet, mji wa huko Bangladesh, tukutane “share tinta” kichwani mwangu nikiwa na saa tatu na nusu usiku, yeye akaja saa tisa na nusu mchana juani, akanisubiri, hakunisamehe haraka.

Hatua ya 8: Tarehe

Kwenye tarehe namba zinabandikwa herufi. ১লা ni tarehe mosi, ২রা pili, ৩রা tatu, ৪ঠা nne, kuanzia tano mpaka kumi na nane inabandikwa ই kama ৫ই, na kuanzia kumi na tisa ni শে kama ২১শে. Maarufu kuliko zote ni hiyo ২১শে, ekushe, tarehe 21 Februari. Mwaka ১৯৫২ wanafunzi waliokuwa wanadai Kibengali kitambuliwe kuwa lugha ya taifa walipigwa risasi Dhaka, na ile Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama ambayo UNESCO iliitangaza 1999 inaadhimishwa tarehe hiyo kwa sababu yao. Kwa hiyo namba ২১ Bangladesh siyo namba tu, utaiona kwenye kuta, fulana, mabango. Ukiijua hiyo na ১৯৭১, mwaka wa uhuru, tayari unasoma nusu ya michoro ya Dhaka. Angalia lakini, macho ya mgeni kwenye ১৯৭১ yatang'ang'ania kuweka tisa kwenye ile ya tatu. Muongo yule yule.

Halafu kuna mwaka wa Kibengali. Gazeti la Bangladesh linaweza kubeba tarehe tatu juu, ya kawaida, ya Kibengali na ya Hijria. Ukiona ১৪৩১ usikimbilie Hijria kwa sababu zinakaribiana sana. Mwaka wa Kibengali unaanza katikati ya Aprili, Bangladesh ni tarehe 14, na kuubadilisha unaongeza 593 kama uko kati ya hapo na Desemba, au 594 kama uko Januari mpaka kabla ya hapo. 1 Boishakh (mwezi wao wa kwanza) ১৪৩১ ilikuwa 14 Aprili 2024.

Hatua ya 9: Kuziandika kwenye simu na kompyuta

Kwenye mpangilio wa kibodi ya simu ongeza lugha, chagua Bangla au Assamese, yoyote, namba ni zile zile. Mara nyingi kitufe cha namba chenyewe kitageuka kiwe ১২৩. Kwa kompyuta Wabangladeshi wengi wanatumia programu ya bure inaitwa Avro, unaandika kwa sauti za kilatini inageuza.

Kwa wanaocheza na data: kila namba ina msimbo wake wa Unicode, ule mfumo wa kompyuta wa kutambua herufi za lugha zote, ০ ni U+09E6 zinafuatana mpaka ৯ U+09EF, kwa hiyo kugeuza ni kutoa tu. Python inakubali int('৪৭') inakupa 47 bila kelele, JavaScript ukiipa Number('৪৭') inagoma. Na jedwali ukilibandika kutoka kwenye tovuti ya Bangladesh usishangae jumla ikatoka sifuri, programu imeona maandishi haijaona namba, badilisha kwanza. Kiassam kinatumia misimbo hiyo hiyo, na kundi lote kwenye Unicode limepewa jina “Bengali”, jambo ambalo Waassam wengi halijawafurahisha hata kidogo na mimi nawaelewa, jaribu kufikiria Kiswahili kingewekwa chini ya jina la jirani.

Hatua ya 10: Mazoezi ya kweli

Kama unaweza kupata noti ya taka, ndo kitabu bora. Upande mmoja namba za Kibengali upande mwingine za kawaida, majibu yako nyuma ya swali. Kuna ya ২, ৫, ১০, ২০, ৫০, ১০০, ২০০, ৫০০ na ১০০০. Noti ya India nayo ina kidirisha cha lugha nyuma, thamani imeandikwa kwa maneno, na Kiassam ndo cha kwanza juu kisha Kibengali, kwenye ya mia utaona এশ টকা na chini yake maneno ya Kibengali. Ukishindwa kupata noti, tafuta picha za magari ya Dhaka, sahani za namba zimeandikwa kwa Kibengali tupu, soma gari kumi kila siku.

Jaribu hizi, funika majibu kwa kidole:

৯৯৯ (namba ya dharura Bangladesh, 999)
৮৮০ (msimbo wa simu wa nchi, 880)
৳ ৩৭৪/- (taka 374, na ukisema 398 rudi hatua ya 1)
১৬ই ডিসেম্বর ১৯৭১ (16 Desemba 1971, siku ya ushindi)
১,৪৮,০০০ (laki moja na arobaini na nane)
৮৪৭৮ (8478, ukiipata hii bila kusita hakuna muuza duka atakayekusumbua)

Ya mwisho haina jibu hapa, ni deni langu la mwezi uliopita kwa yule jamaa, bado tunaandikishana kwenye daftari lile lile: ১১.৪৭০. Nilitoa noti ya ishirini. Piga hesabu ya chenji.